Lenah Kavetsa na Sikio la Upande wa Pili wa Ukuta

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 1986, Bi. Lenah Kavetsa atavua aproni yake ya buluu na kuiaga karakana yetu ya Mlio Mwema, hapa Kawangware, akiwa ametimiza miaka ishirini na mmoja ya kazi. Wahariri wa jarida hili la wafanyakazi wamenipa mimi, Wekulo, fundi wa maboksi ya spika, jukumu la kuandika habari zake. Wamenichagua kwa sababu tumefanya kazi meza moja miaka yote hiyo, na kwa sababu kule Kongo, sehemu ya Kawangware tunakoishi, chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Walidhani jirani ataandika kwa furaha. Niseme mapema ili msinilaumu: sina furaha. Namwombea kila jema, lakini kama ingekuwa juu yangu, haendi mtu kwao Maragoli.

Alipoingia mwaka 1965 hakuajiriwa kusikiliza chochote. Alikuwa mshonaji. Siku zile redio kubwa na gramafoni zilivalishwa kitambaa mbele ya spika, na mwenye karakana, Bwana Kavoi, alitaka mkono usiokunja mshono. Basi Lenah akakaa pembeni na sindano yake, sisi tukijaribu santuri, naye akishona huku kichwa kimeinama upande kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Siku moja akasema kitambaa kile ni kizito, wimbo umevaa sweta. Tulicheka mpaka Bwana Kavoi alipokivua kitambaa na sauti ya mwimbaji ikatoka mbichi, karibu, hata tukageuka kuona nani ameingia. Kuanzia hapo wateja waliokuja kuchagua spika walielekezwa kwake, na sindano ikawa kazi ya pili.

Namna yake ya kuchagua iliwachosha wengi. Alitaka kwanza aione nyumba. Mteja akitaka spika ya sebuleni, au seti ya kupigia disko, au vyombo vya kurekodia nyimbo zake mwenyewe, Lenah alijifunga leso akamfuata hadi kwake, mimi nyuma nimebeba spika ya majaribio. Tukifika, aliketi kitandani au kwenye kigoda, akafumba macho. Aliisikiliza nyumba kabla ya kusikiliza spika: mabati yanayolia jua likiyachoma, pazia, godoro, stovu, sufuria zilizoning'inizwa. Alikuwa akisema kila nyumba ina wimbo wake, na spika mbaya ni ile inayogombana nao.

Naukumbuka mchana mmoja kule Makina, Kibera. Jua lilikuwa likipenya kwenye matundu ya misumari na kusimama chumbani kwa nyuzi nyembamba, vumbi likipanda na kushuka ndani yake bila haraka. Adhana ilikuwa imekwisha sasa hivi, na mtu fulani alikuwa akitwanga viungo nyumba ya tatu. Niliweka santuri, nikashusha sindano polepole. Muziki ukajaa chumbani kama maji yanavyojaa karai, na nadhani hata mwenye nyumba alisahau tulichokuja kufanya. Lenah hakufumbua macho. Tulingoja uamuzi wake, tukangoja, chai ikaletwa, ikafuatwa na viazi, na ndipo tulipogundua kwamba mtaalamu wetu amelala fofofo. Hadi leo anadai alikuwa anasikiliza besi.

Ile sheria yake iliyotupatia sifa, na ambayo nusura imtoe kazini, nayo ilizaliwa Makina. Tulikuwa tumemuuzia bwana mmoja gramafoni kubwa. Lenah aliipima nyumba vizuri sana, ila alisahau kwamba nyumba za kule hazikai peke yake. Siku iliyofuata mama wa chumba cha pili akaja karakana na mikono ya vikombe ndani ya kanga, mikono peke yake, maana vikombe vyenyewe vilikuwa vimetikiswa na ule muziki kutoka rafuni vikaangukia sakafu. Aliimwaga ile mikono juu ya meza, akamtazama Lenah. Lenah akawa mnyonge kabisa. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hatauza spika ya kukaa kwenye ploti, zile safu za vyumba vya kupanga, mpaka jirani wa ukutani asikilize na akubali. Asipokubali, hakuna kuuza.

Fikirieni duka ambalo mtu akija kununua anaambiwa akamlete jirani yake! Wengine walienda zao wakitikisa vichwa. Wengi walirudi, kwa sababu walijua wataishi na jirani huyo muda mrefu kuliko watakavyoishi na hiyo spika.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1979. Dalmas Oketch, kibarua wa Industrial Area aliyekuwa akipiga disko kwenye harusi za Kibera kila wikendi, alitaka seti kamili: playa mbili za santuri, amplifaya ya kutumia betri ya gari, na jozi ya spika kubwa tulizokuwa tumeziunda sisi wenyewe. Alitaka kufanyia mazoezi kwake, na pia kurekodi vijana wa mtaani wenye magitaa. Jirani yake wa ukutani alikuwa Sella, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na Sella alikuwa amekwishamshtaki kwa mwenye nyumba. Lalamiko moja zaidi na Dalmas angetupiwa vitu nje. Lenah akamwita Sella aje asikilize. Sella akakataa hata kuja.

Lenah akakataa kuuza. Bwana Kavoi, ambaye alikuwa amezitamani hizo spika ziondoke tangu zimalizike kupakwa vanishi, akapandwa na hasira.

"Lenah, hii ni duka, si baraza ya wazee," alimwambia mbele yetu sote. "Hizi spika zikilala hapa Jumamosi, Jumatatu urudi kwa sindano."

Mimi nilikuwa nimewahi kumwona akishona. Nilijua angerudi kwenye sindano bila neno, na karakana ingebaki na watu wanaojua kuunda spika ila hawajui ziende wapi. Jumamosi mchana alijifunga leso yake. Akaniambia nibebe spika moja, na badala ya kuingia kwa Dalmas, akabisha hodi kwa Sella.

Aliomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuketi. Sella, akiwa na ungo wa omena mapajani, hakuweza kumnyima mgeni kigoda. Mimi nikazunguka kwa Dalmas, nikaunganisha nyaya, tukacheza wimbo mmoja mzima kwa sauti ya kawaida. Niliporudi niliwakuta wanawake wawili wamekaa wakiutazama ukuta wa udongo.

"Mimi sikatai muziki," Sella akasema hatimaye. "Nakataa hii ya nusu nusu. Nasikia tu dum, dum, dum. Huyo mtu anaimba nini? Anaachwa na bibi ama anaoa? Nakaa hapa na omena yangu nikijiuliza mpaka kichwa inauma."

Lenah alicheka kwa furaha, kicheko ambacho nakijua vizuri. Sella alikuwa ameelewa jambo ambalo sisi mafundi tulilipita kila siku. Ukuta hupitisha besi na kubakiza maneno. Dalmas alikuwa akila wimbo na kumtupia jirani mifupa.

Kule upande wa pili Dalmas alikuwa amekata tamaa. "Auntie, sasa mimi nifanye nini? Nihamishe ukuta?"

Lenah akaomba spoku ya baiskeli. Akatoboa ukuta juu ya kitanda cha Sella, akapitisha waya, na mimi nikakimbia karakana kuchukua spika ndogo ya sauti za juu, iliyokaa ndani ya kiboksi cha ukubwa wa mkate. Kitufe cha kupunguza na kuzima kikawekwa upande wa Sella, na Dalmas akakatazwa kukigusa. Besi ingepita ukutani yenyewe kama kawaida, na maneno yangekuja kwa waya. Tulirudisha wimbo mwanzo. Nilisimama mlangoni kwa Sella nikaona wimbo ukikamilika usoni pake, kidogo kidogo, ungo umetulia mapajani, jua la alasiri limemfikia miguuni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe anaoa," akasema.

Seti ilitoka dukani jioni ile ile, na Lenah hakurudi kwenye sindano. Bwana Kavoi, kwa heshima yake, ndiye aliyeagiza tuunde spika nyingine za jirani, nazo zimeingia nyumba nyingi za Kibera na Kawangware. Dalmas naye alianza kurekodi Jumapili, maikrofoni ikining'inia kwenye paa kwa kamba na blanketi likiwa mlangoni. Sella akigonga ukuta, wote walijua gitaa limemeza sauti ya mwimbaji, wakaanza upya. Kaseti za Dalmas zikatafutwa mpaka mtaa wa Ayany. Alipopata hela alihamia huko Ayany kwenye nyumba ya mawe, kuta nene, hakuna anayemsikia. Nyimbo zikamshinda. Haukupita muda akarudi kukodi chumba chake cha zamani, na Sella akamkaribisha kwa kugonga.

Waliofundishwa kazi na Lenah wanakumbuka maneno yake kuhusu vyombo. Spika ya disko inaruhusiwa kukusifu, maana watu wamekuja kucheza. Ya kurekodia lazima ikuambie ukweli, hata ukichukia. Usinunue spika kwa macho. Chumba kidogo hakihitaji boksi kubwa, kinahitaji boksi lenye adabu. Na ukitaka kujua kama seti ni nzuri, icheze kwa sauti ya chini. Yeyote anaweza kupendeza akipiga kelele.

Nyumbani kwake hana spika. Ana redio ndogo ya betri na mdomo wake. Mimi nimeishi na mdomo huo tangu nihamie pale. Najua wimbo anaopigia nguo pasi na ule wa kupepeta mchele. Mvua ikinyesha juu ya mabati huacha kuimba, halafu mvua ikikatika anaendelea palepale alipoachia, na mimi upande wangu nimekuwa nikimngoja. Sijawahi kumwambia. Sasa namwambia, mbele ya wafanyakazi wote: nitakukosa sana, Dada Lenah.

Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni yeye, hakutaka kuniacha na jirani yeyote tu. Mama Wakarima mwenye ploti alipoleta watu wa kukichukua chumba, Lenah aliwaingiza mmoja mmoja kwake, akawaambia wafanye shughuli zao, kisha akaja kuketi kwangu, kwenye kigoda changu, akafumba macho. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Lenah akasema cherehani inasikika kama manyunyu, itanifaa. Nikakataa. Akaja mwimbaji wa kwaya, sauti nzuri, hata Lenah akatabasamu macho yakiwa yamefungwa. Nikasema ana sauti nzuri mno. Bawabu mmoja alikuwa mtulivu hata hakusikika kabisa, na huyo ndiye niliyemkataa upesi kuliko wote. Lenah akafumbua macho akanikumbusha kwamba sheria ni yake lakini kukubali ni kwangu.

Kwa niaba ya Mlio Mwema, Dada Lenah, tunakushukuru kwa masikio yako na kwa kutufundisha kubisha hodi upande wa pili. Tunakutakia siku ndefu zenye raha kule Maragoli, migomba ikipigwa na upepo, na mtu wa karibu wa kukusikia ukiimba. Chumba chako bado hakijapata mpangaji mpya. Mama Wakarima alikuja tena jana kuniuliza ninataka jirani wa namna gani, na nimemwambia bado nasikiliza.