Mlango wa Chumba cha Mitambo

Kwenye tramu ya Bytom, mji wa migodi nchini Poland, Elfryda, aliyefiwa na mume kwenye moto wa mgodi, alikaa nyuma ya kijana aliyekuwa akiulaani mchezo wa kompyuta wa safari za anga, kwa sauti ya kuamsha wafu.

"Nimerudia mara sita, babu! Chombo kikishika moto, lazima ufunge mlango wa chumba cha mitambo, fundi abaki ndani. Waliotunga ni wavivu tu!"

Mzee wa pembeni yake, abiria asiyemjua, mwenye beji ya waokoaji wa mgodini, alikohoa. "Mjukuu wangu aliwahi kunichezesha mchezo huo. Nikafunga mlango mara ya kwanza tu."

"Aisee, una roho ngumu!"

"Mgodini tulijenga ukuta ili moto ukose hewa uzime. Upande wa pili wachimbaji walikuwa bado wanagonga."

Tramu ikasimama, mzee akashuka. Elfryda naye alikuwa wa kushuka hapo, lakini alibaki kitini. Yeye aliambiwa mumewe alikufa papo hapo.