Bi Mwamvita Aliyetia Darasa la Kwanza Sebuleni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Mwamvita Abeid, afisa wa vibali vya ujenzi katika kata yetu, anastaafu tarehe 30 Juni. Ofisi ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu. Vijana wenye diploma wakaanza kukuna vichwa, nikawaambia leteni kalamu hapa. Nani mwingine? Mimi ndiye Mzee Dadi, mpiga X. Nyumba ikipanda bila kibali, ile rangi nyekundu ukutani ni mkono wangu. Shule nilisoma kidogo, sikatai, lakini X yangu hata kule Mzumbe hakuna profesa wa kuipiga ikanyooka hivyo.

Bi Mwamvita ni mtoto wa Matombo. Alikuja kazini na mabuti ya mvua, na mabuti anayo mpaka leo. Hakuna kilima kilichowekwa tofali asikipande. Kuna bwana mmoja alimwambia kile anachojenga ni banda la kuku. Bi akachungulia ndani, akauliza, "Na hili bafu lenye vigae? Kuku wako wanaoga?" Yule bwana alilipa kesho yake, tena akaleta na mayai. Mayai tuliyarudisha. Mimi nilisema tusirudishe, sikusikilizwa.

Utaratibu wetu wengine hawaupendi: ukijenga nyumba mpya unalipa ada, na sehemu ya ada hiyo inajenga madarasa. Watu wakilalamika, Bi ana jibu moja tu. Nyumba mpya huleta watoto, na watoto hawasomei hewani.

Sasa mwaka huu ilibaki kidogo aondoke na aibu. Chumba cha darasa la kwanza kilikuwa kuta tupu, paa hakuna. Watoto wamebanana na darasa la pili kama ndizi kwenye tenga, na masika hiyo inanukia. Kwenye mkutano wa wazazi Bi akasimama akasema hastaafu mpaka darasa liezekwe. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajua ameshajifunga kamba mwenyewe, kwa sababu ada ya kutosha bati ilikuwa imebaki ya nyumba moja tu: ghorofa ya Bwana Twalibu, mfanyabiashara wa ndizi za Mkuyuni, paa la buluu, linaonekana mpaka Mafiga.

Tukapanda. Twalibu akaniamkia vizuri, shikamoo mzee, halafu akasema, "Nyumba siyo yangu. Sisi Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Hapa ni kwa mke wangu, mimi mgeni tu."

Mkewe, Mama Furaha, akasema, "Yangu? Mimi sina neno bila mjomba."

Tukaenda mpaka milimani kwa mjomba, Mzee Yunusi. Naye akakohoa, akasema, "Ile nyumba ya ukoo. Haina mwenyewe."

Ukoo mzima utaudai vipi ada? Nikafungua kopo langu la rangi. Bi akanishika mkono. "Mzee Dadi, X yako haiezeki darasa." Mimi siyo mtu wa kukubali upesi, lakini nilifunga kopo. Kisha akamgeukia mjomba, sauti ya asali.

"Mjomba, nyumba ya ukoo, mtoto wa ukoo anafukuzwa?"

"Hafukuzwi! Tangu enzi za bibi zetu, hafukuzwi."

"Na akija na mwenzake?"

"Mgeni wa mtoto ni mgeni wetu."

Basi. Jumatatu asubuhi darasa la kwanza likapanda kilima kwa mstari, Mwalimu Jesca mbele na ubao, mimi nyuma na kopo, ionekane ni kazi ya serikali. Nusu yao mama zao ni wa ukoo ule ule. Mama Furaha akafungua mlango akakutana na "Shikamoo mama mdogo!" Mtoto wa dada yako akikuamkia hivyo, mlango utaufungaje? Wakaingia. Wakakaa kwenye makochi ambayo nailoni ilikuwa haijavuliwa. Ubao ukaegemezwa kwenye televisheni.

Twalibu alirudi akasikia a, e, i, o, u inatoka dirishani kwake.

"Bi Mwamvita! Ndiyo nini hii?"

"Darasa, Baba Furaha. Ukoo umetukaribisha mpaka tupate paa."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mwakani linakuja la kwanza lingine."

"Sebuleni kwangu?"

"Kwa nani?"

Twalibu akageuka kuangalia ndani. Wakati huo mtoto mmoja anafutia chaki kwenye pazia.

"Kwangu! Nyumba yangu mimi!"

"Sema kwa nguvu, Mzee Dadi masikio mazito."

Niseme wazi kwa wanaosoma: masikio yangu hayana ubovu wowote, mende akitembea namsikia. Lakini siku ile niliweka mkono sikioni nikasema, "Eeh?"

"YANGUUU!" Walisikia mpaka bondeni.

Ada ililipwa siku ile ile. Bati za buluu zilizombakia Twalibu akazitoa mwenyewe, na mjomba akateremka na mbuzi wa kuomba yaishe. Huyo hatukumrudisha. Masika ilikuta darasa limeezekwa, nusu buluu, nusu nyeupe. Leo Twalibu anawaambia watu wazo lilikuwa lake.

Keki itakatwa humo humo darasani, na mvua ikitaka inyeshe. Bi Mwamvita, ahsante kwa kututembeza vilima vyote hivi. Pumzika vizuri, Mungu akupe afya na wajukuu wenye adabu. Nasikia unajenga chumba cha uani kule Mafiga. Nilipita jana kukusalimu, ukanionyesha risiti ya ada kabla sijasema hodi. Ni vizuri. Maana wewe unastaafu, lakini mimi ni kibarua, sistaafu, na kopo langu bado lina rangi.