Mwalimu Gesare na Watu Wasio Wake

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Nelvine, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Mwalimu Gesare Omwenga, nami nitayasoma yote, ingawa wajomba wameniomba niruke sehemu fulani.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kambi ya wachuma majani chai hapa Kericho, ambako babu, Mzee Ogeto, alikuja kutoka Kisii kutafuta kazi; mama akasoma hadi darasa la saba mwaka 1978, na Januari 1983 akaanza kufundisha nasari hapa Sosiot, akiwaimbia watoto kwa Kipsigis, lugha ya wenyeji wa hapa, kilicho safi kuliko Kikisii chake. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na baba, marehemu Omwenga, wakanunua shamba hili, wakajaliwa mimi na Vinny.

Tarehe 2 Januari 2008, baada ya uchaguzi, vijana walifika langoni, baadhi yao aliokuwa amewafundisha kushika penseli, wakiongozwa na jirani yetu Chepyegon, ambaye alisema kwa heshima kabisa, "Mwalimu, sisi hatuna shida na wewe, lakini nyinyi Wakisii mrudi kwenu," naye mama, ambaye Kisii alikuwa akienda matangani tu, akauliza, "Kwetu ni wapi, Chepyegon?" Kufika saa sita mchana nyumba ilikuwa majivu. Tulikimbilia Kisii, ambako jamaa walituita Wakipsigis, na mwezi wa Mei mama akarudi, akafundisha watoto wa watu wale wale hadi mwaka 2021, lakini hakunywa tena chai katika nyumba zao.

Mwaka 2017 nilimleta nyumbani mchumba wangu, Kiptanui, Mkipsigis wa Silibwet, ambaye wakati wa vita alikuwa mwanafunzi na hakuwa amewahi kukanyaga Sosiot, mama akasema, "Umeniletea waliochoma nyumba yangu." Nikamwambia, "Mama, huyu hakuchoma." Akajibu, "Wote ni wale wale." Tarehe 9 Desemba tulifunga ndoa bila yeye, na mpaka leo sijui nianze kumsamehe nani, Chepyegon au mama.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022, na kwa miaka mitatu Kiptanui ndiye aliyempeleka kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, akimbeba mgongoni matope yalipozuia gari, naye mama akimshukuru kwa adabu, kama mgeni. Tarehe 9 Juni 2025 muuguzi alimuuliza, "Mama, huyu ni kijana wako?" Akamtazama Kiptanui, akasema, "Hapana, huyu si wetu," na saa kumi jioni akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na nyinyi majirani mlioleta hema na viti. Wajomba wamesema viti vya mbele ni vya familia, ndiyo maana mume wangu amesimama kule nyuma.

Mama, lala salama. Kiptanui, njoo ukae mbele.