Feni ya Njano Iliyofika Jana

Mgeni rasmi, Bi. Rosalind Keogh, mwenyekiti wa bodi yetu. Nanyi wakubwa mlioketi mbele:

Karibuni Whyalla, mji wetu wa Australia Kusini. Sisi mafundi kumi na mmoja wa chumba cha kuchapia tumemteua Desley Vukovic asome risala hii, kwa kuwa kikohozi chake ndicho kidogo.

KAZI YETU
Kwa miaka sita tunasaga mawe mpaka yawe kama udongo wa mwezini. Tunauchanganya na plastiki inayonyumbulika, kisha mashine inachapa tabaka juu ya tabaka: mabomba, mikanda ya kuziba milango, soli za viatu vya wanaanga, kujaribu vitu vitakavyochapwa mwezini kwenyewe.

MAFANIKIO
Soli uliyoikunja asubuhi ukaisifu ilichapwa na Gavin Schuster. Imekunjwa mara elfu arobaini bila kupasuka. Gavin mwenyewe yuko hospitali Adelaide, mapafu yamejaa vumbi hilohilo.

YANAYOTUUDHI
Kwingine vumbi la mawe humwagiwa maji. Letu likilowa, kinachochapwa hutoka na mapovu, kwa hiyo tunalifagia kavu na kulivuta puani. Tumeomba feni ya kunyonya vumbi mara tisa. Gavin alipoanza kukohoa, meneja alicheka mbele yetu.

"Acha hizo, Gav! Hilo si vumbi la mwezi, ni la kuigiza tu."

"Basi njoo ulipumue, bosi, tuigize wote," Gavin akamjibu.

Hakuja. Tumekasirika, mgeni rasmi, na hatuoni haya kukuambia. Huko mwezini mashine itachapa peke yake. Hapa tupo sisi, na tunapumua.

OMBI
Tulikuwa na maombi matano. Jana mchana tukafuta yote, maana feni ilifika, ile kubwa ya njano uliyopita kando yake. Tulishangilia kama watoto, mpaka mwenzetu Bev alipoona karatasi ubavuni mwake: imeazimwa kwa ajili ya ziara hii, irudishwe leo saa tisa alasiri.

Sasa ni saa nane na nusu. Lori la kuichukua liko nje ya lango, na halitaingia. Tumeegesha magari yetu yote pale langoni, funguo tunazo mifukoni. Gari lako nalo liko ndani.

Tamka tu kwamba feni inabaki, tutayasogeza.

Mungu akujalie pumzi ndefu, nawe utuachie yetu.

Ni sisi,
Mafundi wa Chumba cha Kuchapia,
kumi na mmoja, na Gavin wa kumi na mbili.