Muuguzi Aliyezima Vishindo vya Wodi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka muuguzi wa wodi ya watoto njiti, aliyetutoka wiki iliyopita. Wenzake walimwita Mama Pole. Miaka ishirini na sita, wasikilizaji, wodi ile ile ya njiti!

Mumewe ni fundi viatu. Shule hakukaa sana, lakini hili analijua vizuri: ubongo wa njiti bado unajijenga. Sehemu moja inaitafuta nyingine, zishikane, ziongee. Mkewe alimweleza wakiwa mezani. Kisha akasema, "Baba Watoto, vishindo vya viatu vyetu vinawashtua. Nifanyie maarifa."

Fundi akabandika sponji chini ya soli za wauguzi wote. Jozi kumi na moja! Wodi ikawa kimya.

Mkuu wa wodi, daktari, akamwakia Mama Pole. "Hapa ni hospitali au chumbani kwako? Sare ni sare! Zibandueni, la sivyo wewe Jumatatu usije."

Na angemfukuza kweli. Wakubwa ndivyo walivyo.

Lakini Ijumaa watafiti wakaleta mashine ya kupima ubongo. Wakamvika njiti mmoja kofia yenye nyaya. Kichwa chenyewe kama chungwa! Mistari ya ubongo ikaonekana kwenye kioo. Mama Pole akapita na viatu vyake vya sponji. Mistari ikaendelea na mwendo wake. Akaja mkuu: ko! ko! ko! Loo, wasikilizaji! Mistari ikaruka, mtoto akatupa mikono, kengele zikalia.

"Mashine mbovu hii," mkuu akasema.

"Basi pita tena, bosi," Mama Pole akamjibu.

Akapita. Ikaruka tena! Mtafiti akacheka hadi machozi. "Daktari, vua viatu!"

Akavua. Soksi moja ina tundu. Akanyata, na mistari ikatulia. Wauguzi nusura wapige vigelegele!

Jumatatu tangazo likabandikwa mlangoni: viatu laini tu. Sahihi ya mkuu. Jina la Mama Pole halipo. Fundi akachemka, mkewe akacheka: "Mwache ajisifu. Watoto wanalala."

"Yeye alisamehe," fundi anatuambia. "Mimi bado. Mazishini wakubwa wamemsifu kwa maiki. Alipokuwa hai walimwita mkorofi."

Pole sana, fundi. Poleni wanawe, poleni wauguzi wa wodi ile. Na wewe mkubwa unayetusikia ukiwa ofisini, tafakari: yupo mtu chini yako mwenye neno leo. Mwite. Msikilize angali hai.