Anunciata Kanyange, Mwanamke Aliyeonja Kabla ya Wengine

Ndugu, majirani na nyote mliofika: mimi ni Consolata Mukashema, mjane wa Cyriaque Mutabazi, kaka yake marehemu. Familia imenipa kazi ya kuandika na kusoma maisha ya wifi yangu. Wazee wa Ushirika wa Kikombe, kundi la dini la mumewe, wamekataa azikwe katika makaburi yao. Tena wametaka jina la ukoo wetu lisiandikwe msalabani, kwa kuwa wanasema alikuwa mchawi. Kwa hiyo nitasoma polepole, ili hata waliosimama nje ya ua wasikie.

Marehemu Anunciata Kanyange alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 hapa Rwezamenyo, binti pekee wa Mzee Karangwa, fundi wa kushona nguo. Alizaliwa na kivuli kama watu wote. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wapo wanaosimulia vingine.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia mwaka 1957 hadi 1963. Tuliketi dawati moja. Mimi niliongoza darasa kila mwaka, lakini aliyependwa alikuwa yeye. Siku moja tuliletewa uji. Akaonja, akaweka kijiko chini.

“Mpishi amelia leo,” akasema.

“Weye mtoto,” sista akamuuliza, “nani amekwambia?”

“Uji wenyewe.”

Mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akitaka kujua ni jirani gani aliyeeneza habari za nyumbani kwake. Kumbe mumewe alikuwa amemfukuza asubuhi ile. Tangu hapo Kanyange alitengewa andazi la ziada. Mimi niliyeongoza kwa hesabu sikutengewa kitu.

Niliendelea na masomo hadi nikapata diploma ya ualimu. Kanyange alibaki nyumbani, na mwaka 1972 akafungua mgahawa mdogo wa chai ya maziwa, kando ya njia iendayo Nyamirambo. Kwetu, anayemkaribisha mtu kinywaji hukionja kwanza mbele yake, ili mgeni ajue hakuna sumu. Wengine hugusisha mdomo tu. Kanyange alimeza. Wateja walisema kikombe alichoonja kiliondoa uchungu waliokuja nao, na ninaamini hivyo, kwani mume wangu alipita pale kila jioni kabla ya kuja kwangu. Nyumbani nilikuwa na birika la kauri na vikombe vyake sita. Mume wangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho mwaka 1989, nilichompa mimi alikiacha kikapoa, cha dada yake alikimaliza. Hivyo ndivyo alivyokuwa marehemu: hakuwahi kumnyang’anya mtu kitu, ila vitu vya watu vilimfuata.

Tarehe 20 Julai 1974 aliolewa na Bwana Gakwaya, fundi wa magari wa Kanombe, wakajaliwa binti mmoja, Umutoni. Kwa njia ya ndoa hiyo aliingia katika Ushirika wa Kikombe. Mnaijua sheria yao. Mwanamke hasemi katika mkutano, hatoki bila ruhusa, haulizi swali. Anapika na kupakua tu. Walipoona jinsi Kanyange anavyoonja, walimfanya mwonjaji wa Ushirika.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, hofu iliingia kila nyumba, na wazee wakatangaza kwamba kuna wachawi kati ya wanawake. Mjane aliyekataa kuolewa tena aliitwa. Msichana aliyeuliza swali aliitwa. Aliyeitwa aliwekwa katikati, akapewa kikombe ambacho Mzee Munyaneza, kiongozi wao, alikuwa amekiombea na kulitaja jina la mwanamke huyo. Akianguka, basi ni mchawi. Hakuna aliyeuliza maombi yenyewe yalisema nini. Lakini Kanyange ndiye aliyepika chai ile, kwa hiyo kwa desturi ilibidi aonje yeye kwanza, naye alionja laana na kuimeza. Alipokipokea mwenzake, ilikuwa imebaki chai. Wanawake wale wote walibaki wamesimama.

Laana ilibaki kwake. Kwanza kivuli chake kilipoteza vidole, baadaye mikono. Kufikia mwisho wa mwaka 1992, akisimama juani karibu na ukuta, ukuta wote ulikuwa mweupe. Familia haikatai jambo hilo. Mimi mwenyewe nilimshauri atembee saa sita mchana, wakati kivuli cha kila mtu kiko chini ya nyayo zake, maana ukoo huu una heshima na watu wana macho.

Januari 1993 Bwana Gakwaya alimrudisha kwetu kwa amri ya Mzee Munyaneza.

“Mwanamke asiye na kivuli hawezi kunipikia,” alisema hapo mlangoni.

Kanyange akamjibu, “Basi kivuli chako kikupikie.”

Nilicheka, ingawa nilikuwa nimeazimia kutompenda.

Jumapili tarehe 13 Juni 1993 aliitwa Kankindi, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekataa kuolewa na Mzee Munyaneza. Kwa kuwa mwonjaji alikuwa amefukuzwa, Mzee alitengeneza chai kwa mkono wake. Kanyange alisikia, akavaa kitenge chake, akaingia mkutanoni bila ruhusa. Nilimfuata ili asituaibishe.

“Kikombe hiki amekitengeneza nani?” aliuliza.

“Mimi, mtumishi wa Mungu.”

“Basi onja, Mzee.”

Mzee alikiinua, akakiangalia, akakirudisha mezani. Akasema mtumishi wa Mungu hapimwi. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, katika mkutano ambamo wanawake hawakuwa wakisema:

“Onja, Mzee, iko inapoa!”

“Ama haina sukari?” akadakia mwingine.

Wakacheka. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa kanga, na kicheko kikiendelea Kankindi alitoka mlangoni, wala hakuna mwanamume aliyemzuia. Mimi mwenye diploma sikuwahi kufungua mlango kama ule.

Kikombe kilibaki mezani. Laana ikimwagwa humfuata aliyetajwa, hata akimbilie wapi, na aliyetajwa alikuwa Kankindi. Kanyange alilijua hilo kuliko sisi. Alikichukua kwa mikono miwili, akakinywa chote, akakigeuza ili waone hakuna tone.

Aliugua tangu jioni ile. Madaktari hawakuona ugonjwa. Nilimuuguza nyumbani kwangu, nikamtengenezea chai, nikaionja mbele yake. “Wifi,” alisema, “umezidisha sukari.” Akainywa yote. Aliaga dunia Jumanne tarehe 29 Juni 1993, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tangu juzi wanawake wanakuja kwangu, na kila mmoja anasema, “Kanyange alikuwa wangu.” Samahani, mama zangu. Alikuwa wetu kwanza. Na kama kumeza kifo cha mwenzako ni uchawi, basi alikuwa mchawi, na ukoo wa Karangwa haulionei haya neno hilo. Msalabani limeandikwa jina lake kamili.

Marehemu ameacha binti yake Umutoni. Mumewe Bwana Gakwaya, ambaye tunamwona pale langoni na tunamkaribisha aingie. Mimi wifi yake. Kankindi, anayehesabiwa leo kama mtoto wa nyumba hii. Na wanawake wa Ushirika walioketi mbele, ambao hawakumwomba mtu ruhusa ya kuja.

Wazee walipotunyima kaburi, waliuliza kwa dharau tutamweka wapi. Ubavuni mwa Cyriaque kuna nafasi moja. Niliitunza kwa miaka minne, nikaing’oa magugu kwa mkono wangu, kwa sababu ilikuwa yangu. Leo asubuhi nimewaambia wachimbaji waichimbe. Mimi nitatafutiwa mahali pengine, siku yangu ikifika.

Apumzike kwa amani pale, karibu na kaka yake. Hata hapo namwonea wivu.