Chungu Kisichovuja

Kwenye gari la Paje, mbele yangu, Mwanamkasi alikuwa akimweleza shida yake bibi aliyekaa naye. Walijuana tangu kupanda gari Darajani tu. “Mzabibu wa mume wangu unakauka, naye kesho anarudi safari. Chungu nshakifukia kando ya shina, nkakijaza maji kama alivyoniagiza. Hayajapungua hata tone.” Hilo la mwisho alilisema kwa fahari kidogo.

“Chungu kipya?” bibi akauliza.

“Kipya. Nlikichemshia tui kwanza, kisivuje.”

Bibi akashusha pumzi. “Mwanangu, hicho kilitakiwa kivuje. Mizizi hunywa lile jasho lake.”

Mwanamkasi akajiziba mdomo kwa buibui. “Na majirani nshawachemshia vyao vya kufukia.”

Gari likasimama Paje. Sote tulimsubiri yeye ashuke kwanza, awahi kuvifukua.